Barrette Yenye Haikuingia

Musonoi

Mudogo wangu Stéphanie,

Tunawasalimia wote kule Likasi. Huku mvua inanyesha, na mihogo ya mama Gael imeota muzuri nyuma ya nyumba.

Barrette ya mémoire, kile kipande cha kuongezea kompyuta kumbukumbu, yenye ulitutumia kwa ordinateur yetu ilifika, asante. Ila haikuingia. Pengo lake halipatani na fasi ya kuichomeka. Fundi Kabemba anasema mashine hii ni ya zamani, inakubali barrette za aina yake tu, na hata tukizipata haitapita giga mbili.

Kwa hiyo video ya mutoto wetu Gael ingali inakwama. Ni ile alijipiga mwenyewe na kamera ya ordinateur, asubuhi ya kwenda mu shimo ya madini yenye ilimufunika. Anacheka, anaenda kushika mulango, basi picha inasimama.

Kabemba alitaka kuipeleka ku mashine yake mupya, tuione yote. Mama Gael alikatala. Kila siku ya yenga, kisha kutoka ku misa, anakaa pale anaangalia ule mukono ku mulango.

Jana aliniambia, "Tata Gael, andikia Stéphanie asitafute barrette ingine. Hapa kwetu mutoto hajatoka bado."

Yaya yako,
Mwamba