Asali ya Kina Mulwa

Kaka Nzuki,

Nimeenda Loresho kufua, nitarudi jioni. Uji uko kwenye thamosi, sikutia maziwa. Maji ya chumvi na sukari yako kwenye jagi, unywe kidogo kidogo. Usipopata nafuu nenda dispensari, usijikaze kisabuni. Zile samosa za Adams Arcade nilikuonya.

Sasa, asali. Asubuhi nakukuta jikoni na kijiko, midomo inang'aa, eti, "Gazeti limesema asali inaua viini vya tumbo, Kavindu!" Ulipokimbia tena chooni nikalisoma pole pole. Linasema viini vilikufa kwenye kisahani cha maabara. Labda na tumboni vitakufa, sijui, lakini tumbo lako si kisahani. Na mwanao usimwonjeshe, hajafika mwaka.

Lakini kaka, hiyo ni asali waliyoleta wazazi wa Mulwa walipokuja kuniposa! Kwetu haifunguliwi mpaka msichana aulizwe mbele ya wazee kama anakubali kuolewa. Wewe umeifungua kwa ajili ya kuhara. Nimecheka mpaka nikakaa chini, halafu ikaniuma kidogo, kama vile nimeshaozwa na sikuulizwa.

~~Waambie kina Mulwa wasije Jumapili.~~

Hapana, waje. Ila usiwaambie kwamba nimekubali. Niulize mbele yao kama msichana yeyote. Unajua nina haya, nitaangalia sakafu na sauti itakawia. Usinijibie. Ngoja tu, nitasema ndiyo mwenyewe.

Dada yako mdogo,
Kavindu