Wembe Kwenye Rejista ya Watoro

Barua hii niliijibu kwa posta ya haraka siku ileile iliponifikia, wiki mbili kabla ya kuichapisha hapa gazetini. Ukiisoma utaona kwa nini. Majina si ya kweli.

*

Mshauri wangu mpendwa, mama Polixeni,

Nakuomba unisaidie maana nimefika pabaya na hapa Karditsa sina wa kumwambia, mimi ni kinyozi, na kinyozi ndiye anayeambiwa ya watu, ya kwake hamwambii mtu. Nina miaka hamsini na moja, duka langu liko nyuma ya soko, nina mke, Domna, na binti mmoja tu, Evanthia, yuko darasa la mwisho la sekondari na baada ya wiki tano anafanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, na kwa kuwa ndiye wa kwanza darasani shule ilimpa kazi ya kushika rejista ya watoro, unajua ilivyo, kila kipindi anaandika nani hayupo, mwalimu anatia sahihi, saa nane mchana anairudisha ofisini. Wenzake wanamwita Mahakama, na si kwa mapenzi. Mwezi wa pili alikwenda kung'oa jino akakosa vipindi vinne, mwalimu alisahau, yeye kesho yake akajiandika mwenyewe.

Sasa nina kumbaro wangu, Stergios, tulikuwa jeshini pamoja na mimi ndiye baba wa ubatizo wa binti yake Vaia, kwa hiyo ni zaidi ya ndugu, na Vaia anasoma darasa moja na Evanthia, kama kusoma ndilo neno lenyewe, maana anaamka saa nne, anateremka uwanjani kunywa kahawa baridi na marafiki wenye pikipiki, shule anaipitia tu kusalimia watu. Si mgonjwa, ana afya kuliko mimi. Basi Alhamisi moja baada ya Pasaka Stergios akaja dukani, akakaa kwenye kiti ingawa ndevu nilimnyoa juzi yake.

"Kumbaro," akasema, "Vaia wetu anarudia mwaka."

"Kwa nini?"

"Vipindi mia na kumi na nne ndiyo mwisho wa kukosa. Yeye ana mia na kumi na sita."

"Basi ameshaupita."

"Hajaupita! Daftari kubwa la ofisini lina mia na kumi. Hivi sita ni vya wiki hii, viko kwenye rejista ya Evanthia tu, karani anavinakili wiki ijayo. Mpaka hapo havijazaliwa."

"Evanthia hatakubali."

"Nani kasema umwombe ruhusa? Wewe ni baba yake. Na wa Vaia pia ni baba, mafuta ya ubatizo ulimpaka wewe mbele ya padri, au umesahau?"

Usiku ule tulikuwa tunakula supu ya maharage, nikamwambia Evanthia kwa upole tu, mama Polixeni, naapa, kwa upole, kwamba Vaia ni kama dada yake na vipindi sita si kitu. Akaweka kijiko chini. "Baba, hakuwepo. Nikiandika alikuwepo, alikaa wapi? Mapajani mwangu?" Nikasema dada hamfanyii dada hivyo. "Basi dada aje shule," akasema, akamwomba mama yake mkate.

Ijumaa walimu walikuwa na mkutano wa chama chao, ofisi ikafungwa mapema, Evanthia akarudi nyumbani na rejista begini. Jumamosi alikwenda masomo ya ziada, Domna alikwenda kwa mama yake, nikabaki na lile begi. Sikulala na wazo hilo, lilinijia palepale, au sijui, labda lilikuwa limekaa tangu Alhamisi. Nikachukua wembe. Nyuso za watu nazikwangua kila siku bila kutoa damu, nikaona karatasi ni nini, nikakwangua jina la Vaia mahali sita, polepole, nikalainisha kwa ukucha, ukiangalia kwa haraka huoni kitu.

Ila mwalimu wao wa fizikia ana tabia yake, pembeni ya sahihi huandika idadi ya watoro. Jumanne karani alipokuwa ananakili akakuta namba tatu na majina mawili, akainua ukurasa dirishani, mwanga ukapita. Kwenye ukurasa ule nilikuwa nimekwangua vipindi viwili, wakavirudisha. Vile vingine vinne viko kurasa za nyuma, hawajaviona mpaka leo.

Wakaniita shuleni. Nilikaa karibu na Evanthia mbele ya meza ya mwalimu mkuu, ambaye ni mteja wangu wa kila Jumamosi. Akamwuliza, "Nani mwingine aliishika rejista hii?" Mwanangu hakunitazama. Alishajua, mama Polixeni, alijua mara tu alipoona ule ukurasa, mkono wangu anaujua. Akasema, "Nilikuwa nayo mimi." "Ulitaka kumsaidia rafiki yako?" Akaendelea kuutazama ule ukurasa. Mwalimu mkuu akasema, "Baba yako ni mtu wa heshima mji mzima, tazama ulivyomwaibisha," na mimi nikatikisa kichwa. Sijui kwa nini nilitikisa kichwa. Nilitoka na jasho mpaka kwenye soksi.

Wamemnyang'anya rejista na wamemsimamisha siku tatu, na siku hizo tatu zinahesabiwa ni utoro, vipindi ishirini na kimoja kwa jina lake, yeye aliyekuwa na vinne mwaka mzima. Na Alhamisi ya wiki ijayo baraza la walimu linakaa kuamua kama ahamishwe shule kabisa, wiki nne kabla ya mtihani. Stergios anasema nitulie, Vaia sasa ana mia na kumi na mbili, amepona, na Evanthia ana akili, popote watakapompeleka atafaulu. Domna hajui, analia tu na kuuliza tulikosea wapi kumlea. Evanthia hanigombezi. Ananiwekea sahani mezani, anasema, "Kula, baba."

Nikisema ukweli, Vaia anarudia mwaka, nampoteza kumbaro wa miaka thelathini, na nani ataniamini na wembe shingoni mwake? Nimefikiria kumwandikia mwalimu mkuu barua isiyo na jina, nimwambie kwamba msichana hana kosa. Au ninyamaze tu, yapite? Nishauri, sina usingizi.

Baba Aliyechanganyikiwa, Karditsa

*

Bwana Kinyozi,

Hujachanganyikiwa hata kidogo. Mtu aliyechanganyikiwa hajui lililotokea. Wewe umenieleza kila kitu, mpaka namba iliyo pembeni ya sahihi ya mwalimu wa fizikia, na umenieleza vizuri. Unachotaka ni mtu wa gazetini akwambie kwamba kunyamaza nako ni aina ya ubaba. Umekosea anwani.

Tuanze na kile kiti cha ofisini. Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimesimama hapo. Ulikaa pembeni ya mwanao, ukamsikia akijitwisha kosa lako, ukasikia anaambiwa amekuaibisha, ukatikisa kichwa. Eti hujui kwa nini! Mimi najua. Ulikuwa unakubali. Pale mezani palikuwa na watu watatu, na mtu mzima pekee aliyekuwa na haya ya kutosha alikuwa na miaka kumi na saba.

Halafu huyu Stergios. Amepiga hesabu za daftari kubwa na rejista ndogo, anajua karani ananakili lini, anajua mafuta ya ubatizo alipaka nani. Amefikiria kila njia ya kumwokoa Vaia isipokuwa moja, kumwamsha saa moja asubuhi. Na wewe ukaona huo ni undugu. Alitumia wembe wako na mkono wako na begi la mwanao, yeye mwenyewe hakugusa hata kalamu. Sasa anakwambia utulie! Kwa nini asikwambie? Yeye ametulia. Binti yake anakunywa kahawa uwanjani.

"Evanthia ana akili, atafaulu popote." Mara ngapi nimeletewa sentensi hii hapa na watu wazima! Mtoto mvivu anabebwa kwa sababu ni mvivu, na mtoto mwema anatupiwa mzigo kwa sababu ana mabega. Ukifuata akili hiyo, adhabu ya kuwa mtoto mzuri nyumbani kwako haina mwisho.

Na hiyo barua isiyo na jina, Bwana Kinyozi, niliposoma hapo nilicheka, na si kicheko kizuri. Hebu fikiri japo kidogo. Mwalimu mkuu anapokea karatasi isiyo na jina inayosema Evanthia hana kosa. Ataamini nani kaiandika? Evanthia! Au shoga yake. Utakuwa umemfanya mwongo mara ya pili, na safari hii hata wembe hukuutumia.

Usidhani nazipenda hizo sheria za watoro. Naletewa barua na akina mama wa milimani ambao basi lao halikufika kwa theluji, watoto wamehesabiwa vipindi kama mbuzi malangoni. Naletewa barua na mwenye mtoto mgonjwa wa figo anayetakiwa kupeleka cheti kila siku tano. Hao nawaambia wapige kelele, wapande mpaka ofisi ya elimu ya mkoa, waseme kwa jina lao na mchana kweupe kwamba sheria ni mbaya. Vaia hakuzuiwa na theluji. Vaia alizuiwa na shuka. Ukimkwangulia huyo jina lake, unawatukana wale wote walioamka gizani wakatembea.

Najua Karditsa ni mji mdogo. Najua kumbaro hapatikani dukani, na mtu akikununia katika mji mdogo unamkuta kila kona na baiskeli yake. Hilo litakuuma na sitakudanganya kwamba halitakuuma. Lakini umeniuliza kana kwamba una njia mbili zenye hasara sawa. Huna. Upande mmoja utapoteza mtu aliyekutumia. Upande mwingine utampoteza yule anayekuwekea sahani. Umeshaanza kumpoteza. "Kula, baba." Unadhani hilo ni salamu ya chakula?

Sasa sikiliza, maana barua hii itakufikia Jumanne na walimu wanakaa Alhamisi. Jumanne hiyohiyo, ukifunga duka, mwambie Domna. Usingoje ale, usingoje apumzike, mwanamke huyo analia kwa kosa asilolijua. Kisha mwite Evanthia mbele ya mama yake, umwambie: nilifanya mimi, nikanyamaza, nisamehe. Ukomee hapo. Neno "lakini" likikujia mdomoni, limeze. Usimwombe akuelewe, usimweleze habari za jeshini.

Jumatano nenda shuleni kabla ya kengele ya asubuhi. Nimesema shuleni. Usimngoje mwalimu mkuu Jumamosi akiwa na sabuni usoni hawezi kujibu. Peleka karatasi yenye vipindi vyote sita, tarehe na somo, vile vinne wasivyoviona navyo uviandike, halafu chini jina lako kamili na sahihi. Omba adhabu ya mwanao ifutwe na vile vipindi ishirini na kimoja vifutwe pamoja nayo. Wakisema watakushtaki, waambie wafanye hivyo.

Stergios mwambie baadaye, si kabla. Ukimwambia kabla utamrudia mwanao na hadithi nyingine. Na Vaia, kwa kuwa ulimbatiza na una wajibu naye, mnunulie saa ya kengele. Kubwa, ya chuma.

Polixeni

*

Wiki iliyofuata nilipata karatasi hii, mwandiko uleule:

Mama Polixeni,

Nilifanya kama ulivyosema, isipokuwa kwa Domna, yeye alianza kula kwanza, nilikosa ujasiri kidogo. Akanitupia kitambaa cha mezani, akaenda kulala kwa mama yake, amerudi jana. Mwalimu mkuu alisoma karatasi yangu akiwa amesimama, hakuniambia niketi. Akasema, "Nami nilimwambia kuwa amekuaibisha." Akamwita Evanthia akamwomba radhi mbele yangu, yeye mwalimu, ambaye hakuwa na kosa. Walimu walikaa Alhamisi, wakafuta kila kitu, vipindi ishirini na kimoja pia, na wakataka kumrudishia rejista. Alikataa, alisema anataka kusoma. Mimi wamenipeleka polisi, nimeandika maelezo, wakili anasema itaishia faini.

Vaia amerudi kwenye mia na kumi na sita, atarudia mwaka. Stergios alikuja dukani akanitukana mbele ya wateja wawili, mimi na aliyenizaa, nikamwacha amalize. Tangu siku ile hajapita barabara yetu. Mwalimu mkuu Jumamosi hakuja.

Haya yote nimeyabeba. Ila juzi Evanthia alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, kitu asichofanya tangu utotoni, akaniuliza taratibu, "Baba, rejista niliielewa. Ulimwonea huruma Vaia, ulimwogopa Stergios, sawa. Lakini kutoka ile Jumanne ofisini mpaka Jumatano ulipokwenda ni siku nane. Siku nane zote ulikuwa unangoja nini?"

Nikachukua kitambaa nikafuta kioo kilichokuwa safi. Akasubiri, kisha akaondoka kwenda masomoni. Nimwambie nini, mama Polixeni?

*

Bwana Kinyozi,

Sijui, na hata ningejua nisingekwambia. Hakuniuliza mimi. Funga duka, kamsubiri kwenye mlango wa hayo masomo, na akitoka mjibu kweli, hata kama jibu lenyewe ni baya kama ninavyodhani.

Polixeni