Wenye Kubeba Kidogo Wapite Mbele

Yaya Mwajuma, wamemukamata Zaina! Usipige kelele, haiko polisi. Wamemukamata mu équipe, ile timu ya vijana wa Lubumbashi yenye inacheza ballon ku écran ya kompyuta, na atacheza na watu wa Abidjan. Mutoto yangu, mwenye nilizaa na tumbo hii! Na hatapanda avion. Atacheza akiwa amekaa mu salon yetu hapa Kabondo, na kikwembe yake ya nyumbani.

Bon, sasa nikusalimie. Salam aleko, yaya yangu. Muguu yako inaendelea namna gani? Ile dawa ya majani yenye nilikutumia, unaipaka ao umeiweka tu chini ya kitanda? Mama mukubwa iko anakula muzuri? Hapa tuko wazima. Mvua inanyesha kila siku kisha saa sita, inapiga mabati mpaka mutu anasahau alikuwa anafikiri nini. Ikiacha, muvuke unapanda mu barabara, na watu wa toleka wanapita ndani yake na vélo zao, baiskeli za kubeba watu, polepole, sawa watu wenye wako mu ndoto. Na mimi niko vile siku hizi, yaya. Ninasimama na mwiko mu mukono, ninaangalia tu, roho inaenda mbali, na pondu inaungua chini ya marmite.

Ninakuandikia ku karatasi juu jirani yetu mwenye kuuzisha samaki anapanda Kindu kesho. Tena ku simu weye unanikataga maneno: «Fupisha, mudogo yangu, fupisha.» Karatasi haiwezi kunikata. Na ku ileile simu uliniambiaga: «Binti mukubwa, anasoma université, anashinda na manette ya kuchezea mu mukono sawa mutoto. Nani atamuoa?» Siku ile nilinyamaza. Leo sinyamaze.

Unajua tonton yake, mudogo ya papa Zaina, alituletea antenne, ile sahani nyeupe yenye iko yulu ya mabati, inaongea na satellite na kutuletea rezo, ile internet. Papa Zaina anaitumikisha kwa kazi yake ya ushonaji. Akimaliza boubou, anaipiga video, mbele na nyuma, anaituma kwa mwenye kuikomanda ashonewe. Na Zaina, akitoka ku masomo, anacheza. Anacheza muzuri, yaya! Hata vijana wanaume wa huku avenue wanakuyaga kusimama ku dirisha. Ile équipe ya Lubumbashi ikamuona. Wakamujaribu, wakamujaribu tena. Kisha capitaine wao akamuambia, na mimi nilisikia na masikio yangu, juu sauti inatokaga mu ordinateur:

«Zaina, weye unatupita sisi wote. Lakini rezo yako inakuya nyuma yako. Unapiga ballon, na huku kwetu mutu yako wa écran anapiga wakati ballon ilisha kwenda. Dimanche, Jumapili hii, tunakujaribu mara ya mwisho. Ikichelewa tena, tunakamata mwingine.»

Zaina hakulia. Aligeuza tu uso ku ukuta. Mimi njo niliwaka moto. Nilitukana mvua, nilitukana mabati ya jirani, nilitukana wale wenye walitengeneza antenne, hata sijui wanakaa inchi gani. Zaina akasema: «Mama, ngoja. Kwanza tujue inachelewa wapi.»

Akafungua ordinateur, akanifasiria namna mutu anafasiria mama yake, bila kunicheka. Asema, ninatuma neno moja ndogo kwa modem, kile kisanduku yenye kugawa rezo mu nyumba. Modem inalirudisha. Ninapima muda wa kwenda na kurudi. Likirudi mbio, nyumba iko safi, tutatafuta inje. Likichelewa, ubaya iko hapahapa.

Likachelewa, yaya. Hapahapa, mu nyumba yangu!

«Mama, modem iko wapi?»

Iko wapi tena? Iko mu buffet yangu, kabati ya vyombo. Unaijua ile buffet ya vioo, hakuna mwingine mwenye nayo ku avenue yetu. Niliiweka ndani, nyuma ya marmite za aluminium na mabeseni yenye maua, juu ya crochet moja, kitambaa ya kufuma, na crochet ingine nikaifunika juu vumbi isiikamate. Na mulango ya buffet nikaifunga na ufunguo.

Zaina akashika kichwa. «Mama! Umeivalisha sawa bibi harusi, kisha umeizungushia ukuta wa chuma! Rezo itatokea wapi?»

«Ni kitu ya bei. Nilitaka iheshimiwe.»

«Iheshimu mbele ya watu, mama, isikie hewa.»

Basi tukaitoa. Sasa iko yulu ya étagère ku ukuta, uchi, hata crochet moja hakuna, na mimi kila nikipita ninaionea haya. Toka ku modem Zaina akapitisha kamba ya rezo ku ukuta mpaka ku ordinateur. Akatuma neno lake: likarudi hata hujapepesa jicho. Kumbe ni marmite zangu! Lakini uone, yaya, marmite zenye zinaweza kusimamisha internet, haziko marmite za kila mutu.

Nilifikiri tumemaliza. Zaina akasema bado, sasa tupime njia ya inje. Muchana ule mvua ilikuwa imeacha. Nililala ku mukeka karibu na miguu yake, naye alikuwa anasoma namba zenye zilikuwa zinatokea ku écran, sauti ya chini: «Quarante. Quarante-deux. Quarante.» Sawa mutu mwenye kuhesabu tasbihi. Nikamuuliza, quarante, arobaini, ni ya nini? Asema ya muda wa njia, mama. Neno linapanda kwa satellite, linashuka, linafika kule, linarudi. Hiyo kidogo hatuwezi kuiondoa. Mbali iko mbali.

Nikafunga macho. Nikaliona lile neno, yaya, kadogo, halina muguu, linatoka mu mabati yetu na kupanda. Likaona muto mukubwa chini, mweusi, na pori imelala pande zote mbili, na moshi ya watu wenye kupika. Likapita yulu ya Kindu. Nikakuona weye mu kiwanja unafagia, hukuinua hata kichwa. Nilitaka kukuita, lakini neno lilikuwa lisha kurudi. Quarante. Quarante-deux. Nilikuwa muzuri sana pale. Hata sijui nililala ao sikulala.

«Six cents!»

Nikaamka sawa mutu mwenye kumwagiwa maji. Namba zilipanda mpaka mia sita, mia saba. Na mu barza papa Zaina alikuwa amesimama na simu, anatuma video ya boubou ya bleu.

«Papa, wacha kidogo.»

Akaacha. Quarante.

«Papa, tuma.»

Akatuma. Six cents.

«Wacha. Tuma. Wacha.»

«Zaina!» papa yake akasema. «Mimi niko robinet, wa kufungua na kufunga?»

Tulicheka, lakini kicheko hakikukaa. Juu tatizo njo ilikuwa pale. Video ya papa iko mizigo mikubwa, na ikitoka inajaza mulango muzima, na kale kaneno ka Zaina kanabaki nyuma kanangoja. Zaina akaingia mu modem kupitia ordinateur, mule ndani yake kuna fasi ya kupanga nani apite mbele. Akaweka jeu, muchezo wake, mbele. Kisha simu za kusema. Na mwisho kabisa, video za papa.

Papa Zaina alikuwa nyuma yake, na lunettes ku macho. Akasoma jina ya simu yake pale chini.

«Nani ananiweka wa mwisho mu nyumba yangu?»

Unamujua, yaya. Haiko mutu mubaya. Lakini tangu anioe, bakuli yake njo inatokaga ya kwanza, na kiti yake haikaliwe. Na hizi boubou ni za Idi, watu wanataka kuona kwanza, kisha njo walipe fundi. Akasema: «Dimanche Zaina akicheza, mimi kazi yangu isimame?» Magaribi nikaleta lituma, ndizi ya kuponda, na samaki, hakugusa. Zaina akasema polepole, basi nitaondoa, papa, nitaacha. Na akaanza kuzima ordinateur.

Nikaona sasa hii nyumba inapasuka.

Nikamuambia bwana yangu: «Papa Zaina, ku robinet ya maji ya quartier tunafanya namna gani? Mutu akikuya na bidon moja ndogo, na mimi ninasukuma pousse-pousse ya mabidon mingi, tunamuambiaga nini? Pita, mama, weye unabeba kidogo. Anajaza, anakwenda, mimi hata sijasikia kama alipita. Hakuna mutu anasema mimi niko wa mwisho. Mimi niko mwenye mabidon mingi.»

Akaangalia sahani yake. Kisha: «Na weye ulisoma informatique wapi?»

«Ku robinet.»

Akavuta sahani. Lakini hakusema ndiyo, yaya. Alikula tu, na Zaina akaacha modem namna ilikuwa.

Dimanche ikafika. Zaina amekaa, manette mu mukono, sauti za Lubumbashi zinaita mu ordinateur. Mimi niko ku mulango. Jeu ikaanza. Muda si murefu, simu ya papa Zaina ikalia: ni hadji mumoja mwenye alikomanda boubou tatu, anataka kuziona sasahivi, anasafiri. Papa Zaina akasema mu simu, ngoja, hadji, mutoto yangu iko na kazi.

Zaina, bila kugeuka, akasema: «Tuma, papa.»

«Nitakuharibia.»

«Tuma.»

Nilitaka kumufunga mutoto kinywa! Papa Zaina akaniangalia, akaangalia kidole yake, akatuma.

Hakuna kitu kilitikisika. Mutu wa Zaina alikuwa anakimbia ku majani ya écran muzuri, laini, sawa mafuta. Na ku simu ya papa ile kaduara ya kungoja ilikuwa inazunguka, inazunguka, video inatoka kidogokidogo mu nafasi yenye Zaina anaacha. Hadji akapiga tena. Papa Zaina akamujibu: «Inakuya, hadji. Kuna mutu yangu mbele.» Na akakaa chini, yaya, bwana yangu, mikono juu ya magoti, anangoja zamu, na uso yake ilikuwa sawa ya siku tulimuzaa Zaina. Mimi sikuangalia tena écran. Nilikuwa ninaangalia yeye.

Zaina akapiga. But, goli! Ku Lubumbashi wakapiga kelele wakati moja na sisi, wakati moja kabisa. Na video ikamaliza kutoka.

Capitaine akasema: «Leo ulifika pamoja na sisi. Uko wetu.»

Papa Zaina akapangusa lunettes. «Modem, usiiguse tena,» akamuambia Zaina. «Niache palepale chini.»

Sasa nisalimie mama mukubwa mwenye alitulea, umusomee yote na sauti kubwa, masikio yake inachoka. Salimia bwana yako, shemeji mwenye kunicheka. Salimia muke wa kaka yetu wa Alunguli, na ule shangazi mwenye alisema mimi nilizaa binti mumoja tu: umuambie mumoja yangu anajulikana Abidjan. Mechi yenyewe watacheza kisha Idi, na nataka damu yangu yote mu salon ile, hata kama mutakaa chini. Papa Zaina asha sema atashona nguo za wote, nitumie vipimo na mama wa samaki akirudi. Mukuye na baleinière, ile mashua ya muto, mpaka Ubundu, kisha mutafute moto, zile pikipiki, za kuwafikisha huku. Lituma itakuwa tayari.

Ni mimi mudogo yako Sifa, mama ya Zaina, mwenye atasimama ku mulango ya parcelle kuwangoja ninyi wote Jumamosi yenye kufuata Idi ya kuchinja.