Mashine ya Tetsuro Haikutupwa Mtoni

Bi Ogata wa safu ya ushauri, nakuandikia nikiwa kitandani, nisaidie kabla miezi miwili niliyopewa na daktari haijaisha.

Nilifundisha maadili chuo kikuu miaka thelathini na sita, na mwanangu Tetsuro alipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimnyang'anya mashine yake ya gemu ya mkononi nikamwambia nimeitupa mtoni, akalia siku tatu, kumbe niliificha ofisini, na siku moja nikaiwasha nimjue adui yangu, nikabonyeza palipoandikwa "anza upya", nikafuta safari yake ya miezi minane ndani ya gemu, na tangu hapo sijaacha kucheza.

Sasa ninazo nne. Ile ya Tetsuro ni nzito kama tofali lakini betri zake zinadumu wiki nzima ya vikao vya chuo. Ubaya wake kioo hakina mwanga, hivyo nilicheza dirishani na wenzangu wakadhani natafakari. Ya pili ina rangi na mwanga, ila inamaliza betri sita kabla mkuu wa kitivo hajamaliza hotuba. Ya tatu hukunjwa, inaenea ndani ya kamusi niliyoichimba katikati, ila maandishi yake ni ya macho ya mwewe. Ya nne ina picha za ajabu, lakini nikilala chali huniangukia puani.

Nilipanga ile ya kwanza niteketezwe nayo, siri iishe. Wiki jana dada wa kampuni ya mazishi akaja na fomu.

"Mzee, betri hapana. Zinalipuka tanuruni."

"Nikizitoa?"

"Plastiki nayo inayeyuka na kugandia mifupa. Mifupa yako ataiokota nani majivuni?"

"Mwanangu."

"Basi ndiye atakayeikuta hiyo plastiki."

Jumapili Tetsuro alikuja, akanimenyea chungwa, kisha akampokonya binti yake Kotone mashine mbele yangu. "Babu yako alitupa yangu mtoni, nami nikawa mtu."

"Babu, kweli?"

Nikajifanya nimesinzia. Je, niseme, au nimwache abaki na baba anayemheshimu?

Mzee wa miaka themanini na saba, Kanazawa

Jibu la Bi Ogata: Mzee wangu, pole kwa ugonjwa. Pole yangu inaishia hapo.

Unaungama, na bado nusu ya barua ni betri na vioo. Kucheza si kosa. Kosa ni kuiba kitu cha mtoto, kufuta kazi yake, kisha kupokea shukrani zake miaka yote hii ukimenyewa machungwa. Na sasa uongo wako umeshampata mjukuu, nawe mwalimu wa maadili ukafumba macho.

Huyo baba anayeheshimiwa hayupo, kwa hiyo huna cha kumlinda. Jumapili ijayo, Kotone akiwepo, mwite Tetsuro akae. Mpe mashine yake mkononi. Sema: sikuitupa, nilifuta safari yako, nisamehe. Usieleze vikao vilikuwa virefu namna gani. Usitaje kifo chako, maana hapo utakuwa unamnyima haki ya kukasirika. Akiondoka, mwache aende. Utakuwa umempa anachokudai tangu utotoni. Akiiacha mashine, mtume Kotone amfuate nayo.

Akibaki, mpishe nafasi kitandani, umwache aanze upya safari yake kwenye mashine. Na hata akikosea njia, Mzee, usimfundishe.