Propela ya Watu Watatu

Mwanangu kipenzi,

Huku tupo, na paka wako kanenepa hadi hapiti tena dirishani.

Nimebadili propela ya boti yetu. Fundi aliniuliza, "Mzee, huwa mnapanda wangapi?" Mdomo ukanitangulia: "Watatu." Basi akanifungia ya kubeba uzito. Sasa natoka peke yangu, boti nyepesi, injini inapiga kelele hadi watu wa ufukweni wanageuka. Fundi kasema niirudishe, anifungie ya mtu mmoja. Nimekataa katakata. Tangu tumzike mama yako nguo zake nimezigawa zote, lakini hili siliwezi.

Nimeweka gunia la mchanga kwenye kiti chake. Injini imetulia. Mimi bado.

Kiti chako sijakiwekea kitu.

Baba yako