Upinde wa Sidi Hasam na Mama wa Mfalme

Mpendwa mshauri Hansaben,

Nisaidie, dada yangu, maana mimi ni Sidi, mmoja wa wazao wa Waafrika hapa India, mpiga ngoma wa lango la jumba la mfalme hapa Sukhpar, kazi waliyoifanya baba na babu yangu, na sijawahi kuliandikia gazeti, lakini limenifika jambo ambalo hadi sasa nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Mama wa mfalme, Ba Saheb, alikuwa hajatamka neno tangu mwanawe mdogo alipoanguka kutoka juu ya farasi akafa, madaktari wakaja mpaka kutoka Bombay wakaondoka, waimbaji wakubwa wakaimba mbele ya pazia lake wakaondoka, na mimi siku hiyo nilikuwa kwenye ua wa nyuma nimemaliza zamu, nakaza uzi wa malunga, ule upinde wetu wenye kibuyu ambao sisi Masidi humpigia walii wetu kila Alhamisi kaburini kwake, nikawa naujaribu tu kwa wimbo wa mababu waliotoka Afrika, wenye maneno ambayo sisi wenyewe hatujui tena maana yake, mara nikasikia sauti ya mwanamke dirishani juu, "Usiache."

Nikadhani ni mtumishi. Nikainua macho, nikaona watumishi wamesimama kama mawe, mmoja birika limemponyoka, ndipo nikajua ni nani aliyesema. Nikapiga, Hansaben, mpaka vidole vikachubuka, na yule mama akalia kilio alichokuwa amekizuia muda wote ule, kisha akauliza, "Wimbo unasemaje?"

"Ba Saheb, naapa sijui."

"Mimi nimeelewa," akasema, akaagiza mkate wa uwele na maziwa, akala.

Basi mfalme akaniita barazani akanivika kilemba cha zari kwa mkono wake, akanipa nyumba ndani ya ukuta wa jumba, na msimamizi wa jumba, Chhaganlal, akaongeza, "Kuanzia leo mkono unaompigia Ba Saheb hauwapigii mafakiri kaburini. Upinde utalala humu. Ijumaa nataka jibu."

Mwenzangu wa langoni, Popat, anacheka, "Haya, bwana mkubwa, sasa hata kupiga chafya utaomba ruhusa." Mama yangu, Jenabai, hacheki. Ameniambia, "Mababu zako waliletwa hapa kwa minyororo. Wewe unakwenda kwa kilemba."

"Mama, nikikataa tutatolewa hata kwenye chumba hiki cha lango."

"Basi tutatoka. Wimbo ni wa walii, wewe umebebeshwa tu."

Naogopa kumkosea walii, na naogopa yule mama asije akanyamaza tena na safari hii asirudi. Nifanye nini?

Sidi Hasam, Sukhpar


Kaka Hasam,

Barua yako niliisoma nimesimama, chai ikapoa mezani. Kwa kuwa Ijumaa isingelingoja gazeti, nilikujibu kwa posta siku ileile, na wasomaji wajue nilichokuambia.

Umemsikiliza msimamizi, umemsikiliza mama yako, umemsikiliza hata Popat na chafya zake, ukaniandikia na mimi niliye mbali. Aliyeuelewa wimbo hujamuuliza. Akili ilikuwa wapi, ndugu yangu? Chhaganlal anamsemea mama ambaye sasa anasema mwenyewe. Nenda ua uleule, piga, na akikuitikia mwambie bila kuzungukazunguka: Alhamisi ni ya walii, siku nyingine zote nitakuja ukiniita.

Sasa umeniandikia tena. Unasema ulimwambia, naye kutoka dirishani akauliza, "Huko kaburini, wanawake wanaruhusiwa?" Unasema Alhamisi gari lenye mapazia lilisimama chini ya kilima, akashuka, akavua viatu, akapanda kwa miguu kati ya mafakiri waliosahau hata kuomba, na mama yako hakuinuka, alisogea tu mkekani akamwambia, "Kaa huku, dada, huko jua linakuja." Akakaa. Ukapiga, na wanawake hao wawili wakauitikia wimbo pamoja, mmoja akiwa hajafundishwa na mtu.

 Nashukuru kwamba uliniandikia.

Umeuliza pia swali lingine, ufanye nini na kilemba na nyumba ya ndani. Kilemba usikirudishe. Ni shukrani ya mtoto kwa uhai wa mama yake, kivae na usijidharau. Nyumba ya ndani ikatae, kwa adabu na kwa maneno machache, tena umwambie mfalme mwenyewe, usipitie kwa Chhaganlal. Ba Saheb yupo, hatakubali mtolewe langoni. Anayelala ndani ya ukuta ule hutoka tu akiruhusiwa, na wewe ni mtu mwenye pa kwenda kila Alhamisi.