Nimeitengeneza Santuri ya Mjukuu Wangu, Sasa Analia

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kama lazima ucheke basi cheka ukishamaliza kusoma, maana mimi ni mzee wa kutengeneza redio na gramafoni, shule niliishia darasa la nne baada ya mimi na mwalimu kuchokana, lakini hakuna kifaa kilichowahi kunifia mkononi, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nina mjukuu wa kike, yule ninayemwita mke mdogo ili mke mkubwa anune, ana bendi ya roki, lakini si roki ya kutikisa mguu, wao wanasema ni ya majaribio, gitaa la umeme wanalisugua kwa msumeno wa chuma, na badala ya ngoma wamerekodi mashine ya kufulia iliyojazwa vijiko, hata nikamuuliza, "Mke mdogo, huu wimbo umeanza au bado mnapanga vyombo?" akanijibu, "Babu, umeshaisha." Basi wana albamu nzima, na hawakutaka iishie kwenye simu, wanataka sahani ya santuri kama za enzi zetu, kiwanda kikawaletea moja ya kuonja, wakiikubali ndiyo zichapwe zote, na kwa kuwa gramafoni yangu ni nzima akaniachia niisikilize kwanza.

Nikaisikiliza. Upande wa pili, mwisho kabisa, makelele yanakatika, inatoka sauti ya mke wangu, sijui alimrekodi lini: "Mzee, zima hilo likelele!" Halafu tena, "Mzee, zima hilo likelele!" Na tena, na tena, sindano haitoki hapo. Wewe ungefikiri nini, mshauri? Fundi yeyote anajua, santuri ikirudia maneno ina mkwaruzo. Nikavaa lenzi, nikachukua kisindano chembamba, nikaichongea njia polepole kama daktari wa macho, mpaka mke wangu akasema mara moja tu akanyamaza, jambo ambalo katika ndoa yetu sijawahi kulifanikisha, nikajipongeza kwa chai.

Kumbe ndiyo tamati yao! Waliagiza makusudi mchirizi wa mwisho, ile njia inayopita sindano, ujifunge duara, bibi afoke bila kukoma hadi msikilizaji ainuke mwenyewe akainue sindano. Walipokuja kusikiliza, mke wangu kakaa mbele kajipodoa kama bi harusi, maana ameshawatangazia mashoga zake kwamba sauti yake haina mwisho. Ikatoka mara moja, krrr, kimya. Mjukuu wangu machozi yakamtoka. Mpiga ngoma wao asiye na ngoma, wanamwita Nyundo, akasema, "Hiki kiwanda cha wahuni, tuwakatalie kazi yote!" Na mimi, badala ya kusema, nikatikisa kichwa nikatamka, "Siku hizi hakuna mafundi."

Ijumaa wanakiandikia kiwanda, na hakuna kiwanda kingine kilichokubali makelele yao, kwa hiyo hiki kikienda na albamu imekwenda. Nikisema, ufundi wangu utakuwa kichekesho, na mke mkubwa atanisimanga mpaka nizikwe. Nikinyamaza, mtoto anapoteza kazi yake yote. Je, nisingizie panya?

Fundi Mwenye Lenzi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimemaliza kusoma na nimemaliza kucheka. Panya hawavai lenzi, mzee wangu. Nyundo akiinama na tochi tu, ataona kazi ya mkono wa mtu.

Pole, kwanza. Ulikosea kwa mapenzi, na mjukuu wako naye alikosea kumwachia fundi kitu kinachojifanya kibovu bila kumwonya. Hilo mwambie, ila liwe la mwisho kusemwa, lisiwe la kwanza. Lakini hiyo "siku hizi hakuna mafundi"? Hapo huna wakili. Umemtazama mtoto analia, ukawatupia lawama watu waliofanya kazi yao sawasawa, kisha unaniuliza mimi habari za panya! Unaogopa masimango ya mkeo? Umeishi nayo miaka yote na mwandiko wako unaonyesha unakula vizuri.

Sasa sikiliza. Beba sahani na lenzi uende kwa mjukuu wako, usimwite aje kwako ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha ukubwa. Mwonyeshe kile kinjia kwa kidole, sema, "Ni mimi," halafu funga mdomo. Atakasirika, mwache akasirike. Usiondoke mpaka ameandika mbele yako kwamba sampuli ilikuwa safi na kiwanda kiendelee kuchapa. Mkeo umwambie wewe mwenyewe, leo hii, kabla hajalisikia kwa Nyundo. Na sahani zikifika, ukiombwa kuzisikiliza, mikono iwe mifukoni.

Barua yako nimeirukisha foleni ili itoke leo Alhamisi. Jina lako nimelificha, lakini hata wapiga gitaa husoma gazeti. Vaa viatu.